Monsinyori Gabriel Grison na Masomo ya Vijijini



Katika siku hizi za Yubile tunawataja kwa shukrani wote waliotutangulia katika imani. Ni desturi njema, tena ni haki. Lakini tunapowakumbuka wazee wetu, mara nyingi tunahesabu makanisa waliyoyajenga na watu waliowabatiza, na tunasahau kazi nyingine iliyokwenda pamoja na hiyo tangu siku ya kwanza, yaani kazi ya kuwafundisha watoto kusoma na kuandika. Katika nchi yetu ya mto na msitu, kwa miaka mingi sana kanisa na darasa vilikuwa nyumba moja, na mtu yule aliyepiga kengele ya sala asubuhi ndiye aliyeshika chaki baada ya sala.

Kwa sababu hiyo imefaa kueleza katika kitabu hiki kidogo maisha ya Monsinyori Emile-Gabriel Grison, mwanzilishi wa misioni ya Stanley Falls na Askofu wa kwanza wa nchi hii. Wengi wanalijua jina lake. Ni wachache wanaojua kazi aliyoifanya, na mashaka yaliyoizunguka.

KUZALIWA KWAKE NA SAFARI YA KWANZA

Gabriel Grison alizaliwa tarehe 24 Desemba 1860 huko Saint-Julien, katika wilaya ya Meuse, mashariki ya Ufaransa. Ile ni nchi ya wakulima. Alipokuwa mtoto wa miaka tisa, vita ya mwaka wa 1870 kati ya Wafaransa na Waprusia ilifika mpaka sehemu zile, na mji wa Verdun ulizungukwa na maadui. Basi tangu utoto alijua maisha ya kijiji, alijua pia vita ni kitu gani.

Alisomea upadri, akapewa daraja takatifu, kisha akaingia katika shirika jipya la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu. Shirika hilo lilianzishwa mwaka wa 1878 katika mji wa Saint-Quentin na Padri Léon Dehon, mtu aliyejishughulisha sana na vijana na wafanyakazi wa viwanda.

Mwaka wa 1888 Padri Grison alitumwa mbali, katika nchi ya Ecuador, Amerika ya Kusini. Huko aliishi miaka minane. Lakini mwaka wa 1895 utawala wa Ecuador uliangushwa, na wakubwa wapya hawakuwapenda wamisionari. Mwaka wa 1896 Padri Grison na wenzake walifukuzwa. Kazi waliyokuwa wameianza ikabaki nyuma yao, bila mtu wa kuiendesha.

Wasomaji walizingatie jambo hilo. Padri huyu hakufika kwetu kama kijana asiyejua kitu. Alifika akiwa mtu mzima ambaye amekwisha kuona kazi ya miaka mingi ikivunjwa kwa siku chache, kwa sababu ilikuwa imesimama juu ya wageni peke yao.

KUPANDA MTO MPAKA FALLS

Mwaka wa 1897 Padri Dehon alikubali kwamba shirika lake litume wamisionari katika Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Padri Grison alichaguliwa kuwaongoza. Alisafiri kutoka Antwerp pamoja na mwenzake mmoja katika mwezi wa Julai mwaka ule.

Safari ile haikuwa kama safari za leo. Njia ya reli toka Matadi ilikuwa haijafika bado Stanley Pool, nayo ilifunguliwa mwaka wa 1898 tu. Baada ya njia ya nchi kavu ilibaki njia ya mto, zaidi ya kilometa 1,700 kutoka Kinshasa mpaka Falls, katika meli ndogo ya moshi iliyosimama kila jioni kukata kuni. Meli zote zilizokwenda Falls zilipita mbele ya kingo zetu. Basi Padri Grison aliiona Yangambi kabla ya kuiona Kisangani, na wazee wetu Waturumbu na Walokele waliokuwa mtoni mwaka ule waliona moshi wa meli yake bila kujua nani alikuwamo.

Hali ya nchi wakati ule ilikuwa ya hofu. Kwa miaka mingi watu wa Tippo Tip walikuwa wamekamata watu katika mito yetu na kuwapeleka utumwani. Vita kati ya Dola na Waarabu ilikwisha katika mwaka wa 1894, lakini vijiji vingi vilikuwa vimechomwa, na watu walikuwa wamekimbilia ndani ya msitu. Juu ya hayo, mwanzoni mwa mwaka wa 1897, askari wa msafara wa Dhanis, wengi wao Watetela, waliwaasi wakubwa wao. Tena ulikuwako mzigo mwingine, nao ulikuwa wa Bula Matari wenyewe: kodi ya mpira. Wanaume walikaa siku nyingi porini kutafuta mpira, na kijiji kilichokosa kutoa sehemu yake kiliadhibiwa vikali.

Katika hali hiyo Padri Grison alichagua mahali chini kidogo ya Falls, akakata msitu, akajenga. Tarehe 25 Desemba 1897, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 37, alifungua misioni ya Saint-Gabriel. Sikukuu ya Noeli ya mwaka ule ndiyo mwanzo wa Kanisa katika sehemu zetu zote.

WATOTO WA KWANZA

Wanafunzi wa kwanza wa misioni zile za zamani walikuwa nani? Tulijibu swali hili kwa ukweli, maana Yubile si siku ya kuficha mambo.

Wengi walikuwa watoto wasio na mtu: waliokombolewa katika utumwa, waliobaki baada ya vita, waliookotwa njiani. Kwa amri ya tarehe 12 Julai 1890 Dola ilijifanya kuwa mlezi wa watoto wa namna hiyo, na kwa amri ya tarehe 4 Machi 1892 iliruhusu mashirika ya dini kuwapokea na kuwafundisha. Watoto walipewa chakula, nguo na kitanda. Walifundishwa sala, silabi, hesabu, kilimo, useremala na kutengeneza matofali. Watoto waliokuwa wamepangiwa kufa porini au kuuzwa sokoni walipata maisha. Hilo ni jema kubwa, na hatuna budi kulishukuru.

Lakini palikuwa pia na upande wa pili. Mtoto aliyekua ndani ya ua wa misioni alikuwa mbali na ukoo wake. Alijua kusoma, lakini hakujua tena njia za samaki wala majina ya wajomba zake. Tena, baraza la uchunguzi lililotumwa na Mfalme katika Kongo mwaka wa 1904 liliandika katika taarifa yake ya mwaka wa 1905 kwamba katika nchi kwa jumla watoto wengine waliohesabiwa kuwa mayatima hawakuwa mayatima kweli. Walikuwa na baba, au mjomba, au jamaa wa kuwatunza, kwa desturi zetu ambazo hazimwachi mtoto bila mzazi.

Basi haishangazi kwamba wazazi wengi waliogopa. Kwao, mtu aliyeuliza habari za watoto alikuwa mtu wa kukimbiwa. Walikuwa wameona watoto wakichukuliwa na watu wa Tippo Tip, kisha wakaona vijana wakichukuliwa kuwa askari na wapagazi. Wangejuaje kwamba Padri ni mtu wa namna nyingine? Hofu ile haikuwa ujinga. Ilikuwa ni akili ya watu walioumizwa.

Hata kama misioni ingekuwa na mali nyingi, isingeweza kuwakusanya watoto wote wa nchi ndani ya ua mmoja. Kwa hiyo palikuwa na njia moja tu iliyobaki. Kama mtoto hawezi kuja kwenye masomo, masomo yaende kwa mtoto.

KATEKISTA NA KAPELA YA MAJANI

Chini ya uongozi wa Padri Grison, misioni ya Saint-Gabriel ilizaa misioni nyingine kando ya mito: Basoko, Banalia, Avakubi, Lokandu, Wamba, na hata Beni, karibu na mipaka ya Uganda. Nayo kila misioni ilitoa matawi madogo vijijini. Tawi hilo liliitwa kapela, na mtu wake aliitwa katekista.

Afadhali tueleze kazi ile ilivyokwenda, kwa maana vijana wa leo hawaijui tena. Kwanza Padri alikwenda kwa mtumbwi au kwa miguu kuongea na mkubwa wa kijiji. Pasipo ruhusa yake na ya wazee, hakuna kilichofanyika. Walipokubali, watu wa kijiji walijenga nyumba moja ndefu: miti, udongo, na paa la majani. Vigogo viwili vitatu vilikuwa viti. Ubao ulikuwa kipande cha mti kilichopakwa makaa. Kisha Padri alimleta katekista pamoja na mke wake, akawaacha.

Asubuhi katekista alipiga kengele, au pale pasipo kengele aliomba kwa mpiga ngoma ya mti awaite watu. Baada ya sala na katekismu, watu wazima walikwenda mashambani na mtoni, watoto wakabaki. Walijifunza herufi, silabi, maneno, hesabu za vidole na za mawe, na nyimbo. Jua lilipopanda, nao walikwenda kwenye kazi za wazazi wao. Usiku walilala katika nyumba za mama zao. Hiyo ndiyo tofauti kubwa: mtoto alijifunza bila kuondolewa kwao.

Lugha ilikuwa lugha ya kueleweka. Juu ya Falls, na katika vijiji vya Wangwana, ilikuwa Kingwana chetu, lugha ile ile iliyoletwa na watu wa biashara na watumwa wao. Kushuka mto kuelekea Basoko, Lingala ilikuwa na nguvu. Lugha iliyokuwa imetumiwa kuwaamuru watumwa ikatumiwa sasa kuwafundisha watoto wao kusoma. Kweli Mungu hatupi kitu.

Padri alipita mara chache kwa mwaka. Aliwauliza watoto maswali, alisikiliza wanavyosoma, alisuluhisha magomvi, alibatiza waliokuwa tayari. Wavulana waliofanya vizuri walichaguliwa, kwa ruhusa ya wazazi, waende kwenye masomo makubwa ya misioni. Wengine kati yao walirudi baadaye kuwa wakatekista na waalimu. Mzunguko ule ndio uliojenga nchi.

Mshahara wa katekista ulikuwa mdogo sana. Aliishi kwa shamba lake, kwa nyavu zake, na kwa mkono wa watu wa kijiji. Alipokuwa mgonjwa hakuwa na mwingine wa kushika nafasi yake. Mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa amesoma miaka michache tu, naye alifundisha mpaka pale elimu yake ilipokwisha. Wapo waliowacheka kwa sababu hiyo. Lakini jiwe la msingi halionekani, wala halichongwi vizuri kama mawe ya juu, na bila hilo nyumba haisimami.

MAGUMU

Tusifikiri kwamba kazi ile ilikwenda mbele bila kusita. Homa, ugonjwa wa usingizi na kuhara viliua wamisionari wengi wakingali vijana. Viliua pia wakatekista na wanafunzi wao, hata vijiji vizima vilibaki na watu wachache.

Magumu mengine yalitoka katika maisha yenyewe ya msitu. Wakati wa maji kupungua, familia nzima za wavuvi zilihamia kambi za uvuvi, na darasa lilibaki tupu. Wakati wa kuwinda ilikuwa vile vile. Kodi na kazi za lazima ziliondoa baba nyumbani, kwa hiyo mtoto alichukua mahali pa baba. Mkuu wa Leta alipoamuru kijiji kihamie kando ya barabara, kapela iliachwa kwa mchwa, na katekista alianza upya.

Na wasichana? Kwa muda mrefu hesabu yao ilikuwa ndogo kabisa. Wazazi walisema msichana ataolewa katika ukoo mwingine, na akili yake itakwenda nayo huko. Masista Wafransiska Wamisionari wa Maria walipokuja Saint-Gabriel, walifungua mlango kwa wasichana, lakini mlango ule ulikuwa kwenye misioni, si kijijini. Katika vijiji vya mbali msichana alisubiri miaka mingi zaidi kuliko kaka yake. Katika vijiji vingine anasubiri bado.

ASKOFU WA KWANZA

Roma iliona kazi inakua. Mwaka wa 1904 sehemu hizi zilifanywa Prefektura ya Stanley Falls, na Padri Grison akawa Prefekti. Mwaka wa 1908 Prefektura ikawa Vikarieti, naye akapewa uaskofu mjini Roma tarehe 11 Oktoba 1908. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Novemba 1908, Kongo iliacha kuwa mali ya Mfalme Leopold, ikawa koloni ya Ubelgiji.

Kabla ya hapo, tarehe 26 Mei 1906, Roma na Dola ya Kongo walikuwa wamefanya mapatano. Dola ilikubali kuwapa wamisionari mashamba, na wamisionari walikubali kufungua masomo kwa watoto wa nchi. Tangu siku hiyo kufundisha watoto kulikuwa deni lililoandikwa. Monsinyori Grison alikuwa na deni hilo katika nchi kubwa ajabu, yenye njia za maji tu na vijia vya msitu, pamoja na mapadri wachache, wengi wao wagonjwa. Ni rahisi kuelewa kwa nini hakuweza kulilipa bila wakatekista.

Vita ya 1914 mpaka 1918 ilizidisha shida. Ubelgiji ilitekwa, na eneo alikozaliwa Monsinyori, karibu na Verdun, likawa uwanja wa mauaji makubwa. Msaada kutoka Ulaya ulipungua. Wanaume wengi wa sehemu zetu walichukuliwa kubeba mizigo ya askari waliokwenda kupigana na Wajerumani mpaka Tabora. Hata hivyo, katika kapela nyingi za majani kengele iliendelea kulia, kwani yule aliyeipiga hakutegemea meli ya Ulaya ili aishi.

MJIRANI ANAYEFAA KUKUMBUKWA

Haki inatudai tuseme kwamba Wakatoliki hawakuwa peke yao. Katika miaka ile ile, ndugu zetu Waprotestanti walifanya kazi kwenye mto huu huu. Mmoja wao alikuwa mtoto wa nchi yetu hasa: Disasi Makulo, Mturumbu wa kijiji cha Bandio. Akiwa mtoto alikamatwa na watu wa Tippo Tip. Mwaka wa 1883 Stanley alimkomboa, na baadaye alilelewa na mmisionari Mwingereza George Grenfell. Alipokuwa mtu mzima alirudi katika nchi ya kwao, akahubiri na kufundisha, mpaka akafa mwaka wa 1941. Alimsimulia mwanawe maisha yake, na simulizi lile lilichapwa Kinshasa mwaka wa 1983.

Zamani Wakatoliki na Waprotestanti waligombania vijiji, na mara nyingine watoto wa ukoo mmoja walikatazwa kukaa kwenye ubao mmoja. Leo tunaona vizuri zaidi. Maisha ya Disasi Makulo yanathibitisha jambo lile lile tunaloliona katika kazi ya Monsinyori Grison: masomo ya kijiji yalishika mizizi pale yalipobebwa na mtu wa nchi, anayejua baridi na njaa ya mahali pale, na asiye na nchi nyingine ya kurudia.

MIAKA YA MWISHO

Baada ya vita Serikali ya koloni ilianza kuweka mpango. Mwaka wa 1929 ilitoa kanuni za masomo ya misioni na kutoa fedha kwa misioni za Kibelgiji zilizofuata mpango huo. Masomo ya vijijini yalikuwa ya miaka 2, kisha masomo ya katikati, yaliyokuwa kwenye misioni, yalikuwa ya miaka 3. Huo ulikuwa msaada mkubwa. Lakini palikuwa na sharti: mwalimu awe amesoma vya kutosha, na darasa litembelewe na mkaguzi. Kapela nyingi za mbali hazikufikia sharti hilo, zikabaki bila fedha, zikiishi kwa moyo wa katekista na wa kijiji. Tangu wakati huo tofauti kati ya masomo ya kando ya barabara na masomo ya ndani ya msitu ikaandikwa katika vitabu vya hesabu.

Mwaka wa 1933 Monsinyori Grison, mwenye miaka zaidi ya 70, aliweka chini mzigo wa uaskofu. Mwaka wa 1934 Monsinyori Camille Verfaillie alishika mahali pake. Mwaka huo huo wa 1933, mwezi wa Desemba, INEAC iliundwa, na makao yake makubwa katika Kongo yakawekwa hapa Yangambi. Wataalamu walikuja kuchunguza michikichi, kahawa, kakao na miti ya msitu, na jina la Yangambi likajulikana duniani. Kambi za wafanyakazi zilipata masomo na hospitali. Lakini mtu aliyetoka nje ya mashamba ya INEAC na kutembea siku moja ndani ya msitu, alirudi katika nchi ya kapela za majani. Elimu ya juu kabisa na ukosefu wa elimu vilikaa ujirani, na vimekaa ujirani tangu hapo.

Monsinyori Grison hakurudi Ulaya kupumzika. Alikaa katika nchi aliyoitumikia, na huku alifariki tarehe 13 Februari 1942, akiwa na miaka 81. Alikuwa ameishi katika Kongo zaidi ya miaka 44.

MATUNDA NA DENI

Mbegu aliyoipanda ilizaa matunda ambayo yeye hakuyaona. Tarehe 10 Novemba 1959 Vikarieti yake ikawa Jimbo Kuu. Katika Wamba, iliyokuwa zamani sehemu ya Vikarieti ile, alizaliwa mwaka wa 1939 Mwenye Heri Anuarite, aliyesoma kwenye misioni ya Bafwabaka, akawa sista wa Jamaa Takatifu, akauawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Mwaka ule ule wa maasi waliuawa pia Monsinyori Joseph Wittebols, Askofu wa Wamba, na Mapadri wengi wa Moyo Mtakatifu. Watu walidhani kwamba kila kitu kimekwisha. Wazungu wakawa wamekufa au wamekimbia. Lakini katika vijiji vingi sala haikukoma, wala kusoma hakukukoma kabisa, kwa kuwa katekista alikuwapo.

Ilikuwa hivyo tena baadaye. Mwishoni mwa mwaka wa 1974 Serikali ya Zaire ilichukua masomo yote ya makanisa. Mwaka wa 1977 iliyarudisha mikononi mwa makanisa kwa mapatano. Zikaja shida za miaka ya 1990, mishahara ikapotea, na wazazi wakaanza kumlipa mwalimu kwa mihogo, kwa samaki, kwa noti walizokusanya. Mwaka wa 2019 Serikali ilitangaza kwamba masomo ya msingi ya Leta ni ya bure. Tuliipokea habari hiyo kwa furaha, na watoto wengi waliingia. Lakini bure ya mzazi inahitaji mshahara wa mwalimu. Pale ambapo jina la mwalimu halimo katika orodha ya malipo, kijiji cha ndani kinabaki na mambo mawili ya kuchagua: kumlisha mwalimu, au kumwacha aende zake.

Ndiyo sababu maisha ya Monsinyori Grison si habari za zamani tu. Swali lililosimama mbele yake mwaka wa 1897 linasimama mbele yetu: je, mtoto aliyezaliwa mbali na barabara anastahili kufundishwa kama mtoto wa mjini? Yeye alijibu kwa kutuma mtu akae na mtoto huyo. Hakuwa mtu asiye na mipaka. Alikuwa mtu wa wakati wake, naye alitumika ndani ya utawala uliowaonea babu zetu. Tunamshukuru kwa ukweli huo wote pamoja, kama mtoto anavyomshukuru mzazi wake anayemfahamu.

Mapadri wetu wapendwa, mkipita katika kapela za mbali, msiishie kuuliza idadi ya Wakomunyo. Ingieni darasani, waulizeni watoto wasome, muulizeni mwalimu amekula nini. Wazazi, msisubiri barabara ndipo mjenge darasa, na binti msimwache nyuma. Vijana mliosoma Yangambi na Kisangani, kumbukeni kwamba silabi ya kwanza ya ukoo wenu ilifundishwa na mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Nasi wakatekista tuishike kazi hii bila kuionea haya, kwani ni urithi wetu.

Monsinyori Gabriel Grison, na wakatekista wote wasiojulikana waliolala katika ardhi ya mto huu, wapumzike kwa amani. Na Yubile yetu iwape watoto wa msitu zaidi ya nyimbo na ngoma: iwape paa, ubao, na mwalimu anayebaki.